Unga wa Usingizi

Jumapili, 8 Septemba 2024

Nimeficha jambo moja kwa miaka ishirini na tatu. Mwanangu Magloire alikufa mwaka 2001 akipasuliwa ngiri, na mimi ndiye niliyemlaza usingizi. Hapa Kasongo, kila anayeikumbuka habari hiyo atakuambia kwamba aliuawa na dawa mbovu ya Mahamudu, muuza dawa wa sokoni. Dawa haikuwa mbovu.

Sentensi hiyo nimeiandika. Inayofuata bado siiwezi, na ndiyo sababu nimemwomba mjukuu wangu Yvette daftari.

Mimi ni Lwamba Marcellin. Nina miaka themanini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa muuguzi, enfirmie wa anestezi: kazi yangu ilikuwa kuwalaza wagonjwa ili wapasuliwe, kisha kuhakikisha wanaamka. Sasa moyo wangu umechoka, na miguu inavimba maji. Kila asubuhi nabonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba, halafu nahesabu mpaka shimo lijae. Leo nimehesabu thelathini. Kwa hesabu hiyo nitaiona mvua. Mavuno ya mpunga, mwezi wa kwanza, sina hakika.

Naishi na Victorine, mjane wa Magloire, ambaye angeweza kurudi kwao Kabambare akaolewa tena, na hakurudi. Ananiosha miguu kila siku. Wa tatu ni Yvette, binti yao, mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa miezi minne baada ya kumzika baba yake.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua ya kwanza, fupi. Shimo: thelathini.

Jumamosi, 14 Septemba

Yvette ameniachia simu yake ya zamani.

“Babu, utakufa kwa kuangalia ukuta,” alisema. “Shika hii. Iko na mchezo.”

Nilidhani ni mambo ya watoto. Unatembeza mtu katika majani marefu, mnyama wa ajabu anatokea, nawe unamtoa wako apigane naye. Maandishi yote ni ya Kifaransa, kwa hiyo sikupotea. Wanapigana kwa zamu, na hilo limenifaa. Vidole vyangu ni vizito, lakini yule wa upande wa pili anangoja mpaka nibonyeze. Hata saa nzima angengoja. Watu wenye adabu hiyo ni wachache.

Kila mnyama ana mbinu nne. Wangu ni kama uyoga wenye miguu miwili. Mbinu zake tatu ni za kuumiza. Ya nne ni unga wa usingizi: anajitikisa, vumbi la kijani linatoka, mwenzake anafumba macho na kupoteza zamu zake. Yvette anasema watu huutumia ili wampige vizuri aliyelala, au wamkamate.

Jumatatu, 16 Septemba

Victorine amerudi shambani na uyoga wa kweli, kikapu kizima. Akachungulia simu.

“Papa, wako iko na miguu. Wangu iko na chumvi. Tutaona nani atashiba.”

Nimekula vizuri.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeandika karatasi, kama zile tulizojaza chumba cha upasuaji. Nimerusha unga mara arobaini. Mara kumi na moja haukushika. Ishirini na tisa walilala: kumi waliamka baada ya zamu moja, tisa baada ya mbili, kumi baada ya tatu. Huwezi kujua mapema ni zamu ngapi. Hakuna aliyekosa kuamka.

Yvette alikuwa amesimama nyuma yangu muda mrefu kabla sijamsikia.

“Babu, unafanya nini? Amelala! Piga!”

“Mi nangoja aamke.”

“Unangoja nini? Ataamka akupige wewe!”

“Basi atanipiga.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwamba katika kazi yetu kumlaza mtu lilikuwa jambo dogo. Hatukuwa na mashine. Mwalimu wangu alitufundisha mambo mawili. Kwanza pamba: unabandika nyuzi chache za pamba chini ya pua ya mgonjwa, zikicheza anapumua. Pili miguu: unasimama kichwani pake tangu sindano mpaka aitikie jina lake. Anayelaza watu hakai. Katika chumba kile kiti kilikuwa cha nguo, si cha mtu.

“Hata kama upasuaji ni wa saa tano?”

“Hata saa tano.”

“Ulikuwa mwanaume, Babu,” alisema, akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Sikumwita arudi.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua. Karanga zimeota. Shimo: thelathini na nane.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Padri ameniletea komunyo nyumbani. Nilimwungamia dhambi zote nilizozikumbuka, isipokuwa ile ninayoikumbuka kila siku.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ndefu. Nitaiandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi pikipiki ilisimama uani. Akashuka kijana mwenye matope mpaka kiunoni na mkufu mnene shingoni. Anaitwa Djamali, anatengeneza simu Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Ndiye aliyeweka mchezo katika simu ya Yvette. Niliutazama ule mkufu nikaamua kwamba namjua: vijana wa machimboni, leo wako nacho, kesho hawako.

“Shikamoo, Babu. Yvette ananiambia unalaza wanyama kama padri anabatiza watoto.”

“Marahaba. Na wewe unafanya nini na wako?”

“Mi nawapigisha.”

“Leta tuone.”

Waliunganisha simu mbili bila waya. Yvette akakaa katikati kama mwamuzi. Kila mmoja wetu alikuwa na wanyama watatu. Nilimlaza wa kwanza. Djamali akamwondoa, akamtoa wa pili. Nikafungua mbinu ya unga tena, na Djamali akaweka kiganja chake juu ya simu yangu, polepole, kama mtu anayefunika chakula.

“Pole, Babu. Hapo hapana. Kati yetu wachezaji iko kanuni. Yule wa kwanza angali analala. Wawili hawalali kwa mara moja.”

“Mchezo unakataza?”

“Mchezo haukatazi. Ni sisi tumekatazana. Wakilala wawili, hakuna tena mutu wa kulinda. Inakuwa si mchezo, inakuwa mauaji.”

“Nani anakuona ukivunja?”

“Hakuna.” Akaondoa kiganja. “Lakini mwenyewe utajua.”

Niliacha unga, nikapiga kwa mbinu nyingine, nikashindwa. Nilikuwa nimeanza kumpenda.

Victorine alileta chai. Akamuuliza, kama tunavyowauliza wageni wote, ni mtoto wa nani.

“Nimelelewa na babu yangu, Mama. Mahamudu. Zamani alikuwa na duka la dawa hapa sokoni. Sasa iko Nyangwe, anauza samaki.”

Victorine alikishusha kikombe chake juu ya meza. Hakupiga kelele.

“Maliza chai yako, kijana,” alisema. “Njia ya Salamabila ni mbaya, uende kabla ya mvua.”

Djamali hakuelewa, halafu akaelewa. Aliinywa chai yote, akatushukuru, akaenda. Yvette alimfuata mpaka barabarani. Aliporudi alikuwa na mvua kichwani.

“Mama, mi nilijua ni babu yake. Nilitaka mumwone yeye kwanza. Anataka kuleta wazee wake hapa.”

“Wazee wake!” Victorine alisema. “Mzee wake alileta maji ya chumvi ya kumchoma baba yako, akasema ni dawa. Huyo mzee atakaa wapi humu ndani? Kwenye kiti cha Magloire?”

“Nani aliona kama ni maji?”

“Papa aliona!” Akanigeukia. “Papa, wewe ulikuwa mule. Mwambie mutoto wako.”

Wote wawili walinitazama. Nilikuwa na simu mkononi bado.

“Ni mambo ya zamani,” nikasema.

Hayo ndiyo niliyoyasema.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikuamka kwenda kibarazani. Shimo: arobaini na tano.

Jumatano, 16 Oktoba

Niandike angalau namna Mahamudu alivyoingia katika habari hii, maana hilo najua lilivyokuwa, neno kwa neno.

Ilikuwa vita. Tulifanya kazi katika kituo kidogo cha upasuaji kando ya barabara ya Kabambare, ambacho leo ni majani. Dawa za serikali hazikufika. Mahamudu alituletea ketamini, dawa ya kulaza wagonjwa, kwa baiskeli, chupa zimefungwa ndani ya maganda ya mahindi ili zisivunjike. Alipita vizuizi vya askari kwa ajili yetu, na mara moja alipigwa. Hakutuletea kamwe chupa iliyopita tarehe.

Magloire alipokufa nilitoka nje. Ndugu za Victorine na vijana wa mtaa walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja akaniuliza, “Papa Lwamba, ni nini imemuua?” Nikasema neno moja: “Dawa.”

Sikutaja mtu. Lakini muuza dawa alikuwa mmoja tu. Kabla ya jua kuzama duka la Mahamudu lilikuwa limevunjwa mpaka mbao za rafu, na yeye na mkewe walikuwa njiani kwenda Nyangwe kwa miguu. Niliambiwa siku ya mazishi. Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema siku yoyote kati ya zile zilizofuata, na zimefuata zaidi ya elfu nane.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Yvette na mama yake wanazungumza kwa kupitia kwangu. “Babu, mwambie Mama sombe imeiva.” “Papa, mwambie huyo alete sahani.” Wanasimama hatua mbili mmoja kutoka kwa mwingine.

Nimecheza kidogo. Siwezi tena kutumia unga. Uyoga wangu anapiga kwa mbinu tatu zilizobaki na anashindwa mara nyingi.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya wafu. Nilikuwa sijafika kaburini tangu mwaka jana. Walinibeba kwa pikipiki, Yvette ameketi nyuma akinishika. Victorine alikuwa ametangulia na jembe. Alipalilia kaburi, akapanga mawe yaliyohamishwa na maji, akafanya yote hayo bila kuinua uso. Halafu akasema, akilitazama kaburi na si sisi:

“Magloire, mutoto wako anataka kuolewa na watu wa ile dawa. Mi nimekataa. Kama nimekosea, unionyeshe.”

Nimemfahamu mwanamke huyu kwa miaka ishirini na sita. Siku zote nilidhani ana roho ngumu na kwamba chuki inampa nguvu. Leo nimeona kwamba hachukii kwa kupenda. Anamlindia mumewe jambo la mwisho aliloachiwa, yaani sababu ya kufa kwake. Na sababu hiyo nilimpa mimi.

Shimo: hamsini na tano. Kupumua ni vigumu nikilala chali.

Jumanne, 5 Novemba

Yvette ameniambia kwamba shule ikifungwa, Desemba, ataenda Salamabila kwa Djamali, wazee wakitaka wasitake. Victorine amesikia. Amesema akitoka kwa namna hiyo, asiwe tena mtoto wake, na yeye hatakuwa tena mama wa mtu.

Kama nikifa kimya, itakuwa hivyo. Mimi nimepoteza mtoto mmoja. Sasa, kwa kunyamaza, ninakaribia kumpotezea Victorine wake.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwandikia Mahamudu barua. Mistari mitatu: mimi ni mgonjwa, siwezi kuja, naomba aje. Yvette ataipeleka kwa Djamali, naye kwa babu yake.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua. Hakuna jibu.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Hakuna jibu. Shimo: sitini.

Alhamisi, 21 Novemba

Daraja la kuelekea Nyangwe limechukuliwa na maji, wanasema. Labda ni hilo. Nilifurahi niliposikia, na naandika hapa kwamba nilifurahi.

Jumatatu, 25 Novemba

Daraja limetengenezwa.

Jumapili, 1 Desemba

Mahamudu amekuja. Djamali alimleta kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwake kama mtoto, kwa sababu hana tena nguvu ya kujishika. Ni mdogo kwangu kwa miaka minne. Alikuwa mtu mnene. Sasa mimi na yeye tungetosha katika shati moja.

Victorine alimwona mlangoni, akaanza kutoka. Nikamwambia, “Mama Victorine, kaa. Nakuomba.” Sijamwomba kitu kwa namna hiyo tangu aolewe. Akasimama karibu na mlango, hakukaa.

“Mzee Lwamba,” Mahamudu alisema, “umezeeka vibaya.”

“Wewe umezeeka nusu. Ile nusu nyingine iko wapi?”

“Samaki walikula.”

Djamali alicheka peke yake. Mahamudu akatoa mfukoni kitu kilichofungwa katika kitambaa, akakifungua juu ya goti lake. Ilikuwa chupa ndogo ya kioo, tupu, kibandiko kimefifia.

“Ya katoni ile ile,” alisema. “Zilibaki mbili, nilikimbia nazo. Nilikuwa silali, Lwamba. Najiuliza: labda kweli? Labda yule aliyeniuzia alinidanganya, nami nikamuua mutoto wa watu? Pale Nyangwe nikamtafuta enfirmie, nikamwambia nichome hii. Akakataa. Nikakaa mlangoni kwake siku tatu. Akanichoma kidogo.”

“Ukalala?”

“Nililala macho wazi, kama dawa ile inavyolaza. Mke wangu anasema niliimba nyimbo za harusi na kumtukana mjomba wake. Robo saa. Hata sasa hajanisamehe ile ya mjomba.” Akaifunga chupa tena, taratibu. “Tangu siku ile najua dawa yangu ilikuwa nzuri. Sikusema kwa mutu, maana nani angesadiki? Sasa mi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Kama si dawa, ilikuwa nini?”

Mvua ilikuwa inapiga bati, na walilazimika kusogea ili wanisikie. Yvette alikaa chini karibu na mguu wangu. Victorine hakusogea. Nikawaambia.

Maneno yenyewe nitayaandika siku nyingine. Naandika kwanza yaliyofuata. Mahamudu alisema, “Basi,” akasema tena, “Basi.” Victorine aliuliza swali moja: kama Magloire alisikia maumivu. Nikamwambia hapana, na hilo ni kweli. Akatoka akasimama uani katika mvua, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jumatatu, 2 Desemba

Victorine ameweka beseni la maji mlangoni pangu, akaondoka. Yvette ndiye aliyeniosha. Alinikausha vidole kimoja kimoja.

“Ulinieleza juu ya pamba,” alisema. “Siku ile ulikuwa unataka kunieleza?”

“Ndiyo.”

“Nikasema ulikuwa mwanaume.”

“Ndiyo.”

Akamwaga maji nje.

Jumanne, 3 Desemba

Mahamudu analala kwa jamaa zake mtaani. Amemtuma Djamali na ombi. Jina lake liliharibiwa sokoni, mchana, mbele ya watu, na anataka lisafishwe palepale, mchana, mbele ya watu. Mimi siwezi kufika sokoni. Nitaandika, Djamali atasoma kwa sauti mahali duka lilipokuwa, na chifu wa mtaa awepo.

Nilimuuliza Djamali kama bado anataka kuoa katika nyumba hii.

“Babu, mi nataka kuoa Yvette,” alisema. “Nyumba ni ya kwenu, mtajua wenyewe.”

Hakuwa amevaa ule mkufu. Nikamwambia auvae siku ya kusoma, ili watu wamtazame.

Jumatano, 4 Desemba

Shimo: sikuhesabu.

Asubuhi Victorine ameingia na beseni. Ameniosha mguu mmoja, akasimama, akatoka. Nilibaki na mguu mmoja uliolowa na mmoja mkavu kwa muda ambao sikuupima. Halafu akarudi kwa wa pili.

Alipokuwa anaufuta akasema, “Hiyo karatasi atasoma kijana, lakini mi nitakuwa pale. Mi pia nilimtukana yule mzee miaka yote hii. Nitasimama karibu naye.” Juu yangu hakusema neno, na mimi sikuomba.

Nanakili hapa maneno ya karatasi, kama nilivyoyasema Jumapili.

Mimi, Lwamba Marcellin, enfirmie wa anestezi, nina akili zangu zote. Dawa aliyotuletea Mahamudu ilikuwa nzuri. Mwanangu Magloire alilala kama inavyotakiwa, na pamba ilicheza chini ya pua yake. Nilikuwa nimewalaza majeruhi siku tatu mfululizo, nikisimama. Kwa kuwa pamba ilikuwa inacheza vizuri, nilitoa nguo kwenye kiti, nikakaa. Magloire alitapika. Kazi ya kumgeuza kichwa na kumsafisha koo ilikuwa yangu peke yangu, maana macho ya daktari yalikuwa tumboni. Daktari aliniamsha kwa kunishika bega, na pamba ilikuwa imelowa, haichezi tena. Yeye hakuwahi kumwambia mtu, na amekwisha kufa. Chumbani mule walikuwa wamelala wawili, mwanangu na mimi, na aliyeamka ni mimi.